Bi Stoo na Fimbo ya Mara Hamsini

Katika kituo cha afya alikofanya kazi, jina lake halisi alilijua karani wa mishahara peke yake. Wengine wote, kuanzia mganga mfawidhi hadi mlinzi wa getini, walimwita Bi Stoo. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa mtunza stoo ya dawa: chumba kirefu chenye dirisha moja la nondo, rafu za mbao upande mmoja na za chuma upande wa pili, na pembeni friji ya chanjo iliyonguruma mchana kutwa kama mtu mwenye kinyongo. Boksi la glovu angelipata akiwa amefumba macho. Nesi akija kuomba pamba, alipewa pamba. Akirudi kuomba pamba siku hiyo hiyo, aliulizwa ile ya kwanza imekwenda wapi.

Habari za michezo hazikuwahi kumpitia kichwani. Zilimkuta dukani kwa Wino.

Wino alikuwa mwenye duka la fotokopi, ng'ambo ya barabara. Alipewa jina hilo kwa sababu vidole vyake havikutakata hata siku ya kwenda harusini. Kila mwisho wa mwezi Bi Stoo alimpelekea fomu za kuagizia dawa azitoe nakala. Jumamosi moja mashine ikatafuna karatasi, Wino akapiga magoti na kuanza kuifungua matumbo.

"Dada, hii itanichukua muda," alisema. "Pita nyuma ya pazia ukae. Kuna viti."

Nyuma ya pazia kulikuwa na meza, na juu ya meza ramani iliyochorwa kwa kalamu nyuma ya karatasi zilizoharibika. Kulikuwa na dadu za ajabu, nyingine za pande nane, nyingine za pande ishirini. Watu wawili walikuwa wameketi. Mmoja alikuwa fundi friji, bonge la mtu mwenye mabega ya kubebea makabati. Mwingine alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mwanamke mwembamba aliyesahihisha madaftari ya wanafunzi kila zamu ilipokuwa si yake.

Mwalimu akamweleza kwa ufupi. Wino husimulia nchi yenye minara, mapango na wanyama wakali. Wao wengine kila mmoja ana mtu wake wa kwenye karatasi. Wake yeye ni mfungua kufuli, wa fundi ni jitu la shoka. Ukitaka kufanya jambo unasema, unarusha dadu, na dadu ndiyo inayoamua. Ukipigwa unapungukiwa pointi za uhai. Zikiisha, umelala chini.

"Sasa hivi tuko mjini," mwalimu akamalizia. "Tunanunua dawa."

"Tunachukua chupa kubwa tatu," fundi alisema. "Mia tatu za dhahabu kila moja. Ukinywa unarudishiwa pointi ishirini palepale."

"Na ile ndogo?" Bi Stoo aliuliza, kwa mazoea tu.

"Hamsini. Lakini inarudisha saba tu, haina maana."

Bi Stoo akatazama dari kidogo. "Kubwa inakula dhahabu kumi na tano kwa kila pointi. Ndogo inakula saba. Nani amewaambia mnunue kubwa?"

Kutoka mbele ya pazia, Wino, kichwa kikiwa ndani ya mashine, aliguna. Mwalimu akaweka kalamu yake nyekundu chini.

"Dada yangu," alisema, "Jumamosi ijayo una shughuli gani?"

Mume wa Bi Stoo, ambaye alikuwa fundi cherehani na kazi zake alizifanyia sebuleni, alicheka hadi akajidunga kidole kwa sindano.

"Mama watoto, wiki nzima unatibu watu. Jumamosi unakwenda kutibu wasiokuwepo?"

"Wasiokuwepo hawanigombezi wakikosa dawa," alijibu, akachukua mkoba akaondoka.

Akapewa karatasi yake. Mtu wake akamwita Pamba, akawa mtabibu wa safari: hana upanga, ana mkoba, kamba na kibuyu cha maji. Wiki mbili za kwanza alikuwa mgeni, akiuliza hili na lile. Wiki ya tatu akamwomba Wino orodha nzima ya bei za duka la dawa la kule mjini kwao kwenye karatasi. Wino akaitoa kishingo upande, maana hakuna aliyewahi kuisoma mpaka chini.

Chini kabisa palikuwa na fimbo. Fimbo ya mponyaji, inatumika mara hamsini, kila mara inarudisha kama pointi tano. Bei mia saba na hamsini.

"Hii mnaijua?" Bi Stoo aliuliza.

"Tano tu?" fundi alisema. "Mimi nikipigwa napoteza kumi kwa pigo moja. Tano nitafanyia nini?"

"Tano mara hamsini ni mia mbili na hamsini. Dhahabu tatu kwa pointi. Hakuna cha bei hiyo dukani humu."

"Kuna kulala," mwalimu alisema. "Kulala ni bure."

"Kulala ni bure mkiwa na mlango wa kufunga. Mkiwa hamna, mtaliwa usingizini."

Walikuwa na dhahabu mia tisa walizozitoa pangoni wiki iliyopita, na desturi yao ilikuwa kugawana sawa, mia tatu kila kichwa. Bi Stoo akasema tiba itolewe kwanza, kabla ya mgao. Fimbo inunuliwe, kinachobaki wagawane hamsini hamsini.

Fundi akaruka. Alikuwa ameahidi jitu lake shoka jipya. "Kwa hiyo mimi ninayepigwa kuliko wote nikose shoka, ili tununue kijiti?"

"Ni kwa sababu wewe ndiye unayepigwa kuliko wote."

"Mimi nasimama mbele yenu!"

"Na sisi tunakuhitaji usimame. Ndiyo maana nataka uwe mzima kabla hujasimama."

Mwalimu akainua mkono kuunga mkono hoja, kama anavyowafundisha watoto wake. Wawili kwa mmoja. Fundi akanuna, akarusha dadu zake bila sababu, zikaanguka chini ya kabati la karatasi, ikabidi wote wainame kuzitafuta.

Kwa mwezi mmoja mambo yalikwenda vizuri. Kila vita vikiisha, Pamba alipita kwa mmoja mmoja na fimbo yake, wakaingia vita vinavyofuata wakiwa wazima. Bi Stoo aliweka vijistari kwenye kona ya karatasi, kimoja kwa kila mara iliyotumika. Chupa moja kubwa waliyokuwa wamebaki nayo aliifunga ndani ya mkoba na kutangaza kwamba hiyo ni ya mtu aliyekwisha zimia, si ya mtu anayejisikia vibaya.

Kisha wakaingia kwenye handaki chini ya mnara, na humo mlikuwa na mnyama. Wino alimsimulia vizuri mpaka mwalimu akafunga madaftari: ngozi kama ya mjusi, mkia wenye miiba, pumzi inayonuka shaba. Fundi hakungoja. Jitu likatangulia na shoka lake la zamani. Likapiga, likapigwa, likapiga, likapigwa tena. Dadu zikamgeuka. Kufumba na kufumbua, jitu likabaki na pointi mbili.

"Bi Stoo, fimbo!" fundi alipiga kelele. "Haraka!"

Bi Stoo hakuishika karatasi ya fimbo. Alikuwa anapiga hesabu kwa midomo. Fimbo ingempa pointi tano, awe na saba. Mnyama angemtoa kumi. Hata akimpa ile chupa, angepata pumzi ya pigo moja au mawili, basi. Ilikuwa sawa na kupiga deki huku bomba linaendelea kuvuja.

"Mlango tulioingilia," alimwuliza Wino, "una komeo?"

"Lipo. Kwa nje."

"Namshika jitu miguu. Namburuta mpaka nje. Mwalimu, wewe funga."

Dadu ikarushwa, ikakubali. Jitu likaburutwa kichwa kikigonga ngazi, mwalimu akafunga komeo, mnyama akabaki ndani akikwaruza mbao. Mwalimu alipiga makofi. Wino mwenyewe alitikisa kichwa kwa kukubali.

Fundi alikuwa amesimama. Uso ulikuwa umemwiva.

"Nilikuomba dawa," alisema. "Hukunipa."

"Isingekusaidia pale, fundi. Nje hapa nakutibu mpaka ujae."

"Miguu, Bi Stoo? Umenivuta miguu kama gunia?" Akakusanya dadu zake moja moja. "Chezeni."

Akatoka. Pazia likabaki likiyumba.

Jumamosi iliyofuata hakuja. Ya pili hakuja. Ya tatu, Wino, mwalimu na Bi Stoo walikaa wakitazama ramani na kuzungumzia bei ya karatasi. Kule kazini, nesi mmoja alimwomba Bi Stoo maboksi mawili ya glovu akapewa mawili bila kuulizwa, akaenda kuwasimulia wenzake kwamba Bi Stoo anaumwa.

Jumanne moja friji ya chanjo ikaacha kunguruma. Bi Stoo akahamishia chanjo kwenye maboksi ya barafu, mganga mfawidhi akapiga simu, na baada ya saa moja fundi akaingia stoo na begi lake la vifaa. Walisalimiana kama watu wa ofisi mbili tofauti.

Alifanya kazi bila kuinua macho. Alifungua nyuma, akapima, akasikiliza. Kisha akafunga mlango wa friji na kuingiza kipande cha karatasi kwenye ukingo, kikapita bila kukwama.

"Kompresa imechoka kwa sababu ya mpira wa mlango," alisema. "Umelegea huu, una zaidi ya mwaka. Baridi inatoka, mashine inakimbia usiku na mchana. Mpira bei yake ni ya soda chache. Mngeniita mapema."

"Niliomba mara tatu," Bi Stoo alisema. "Nimeandika barua tatu."

Fundi akamtazama kwa mara ya kwanza. Akaona Bi Stoo naye anamtazama, ila si usoni. Alikuwa anautazama mkono wake wa kushoto. Kidole cha shahada kilikuwa kimezungushiwa tepu nyeusi ya umeme, na juu ya tepu kilikuwa kimevimba.

"Umejikata lini?"

"Alhamisi. Bati la nyuma ya friji. Kitapona."

"Umefunga na nini hicho?"

"Tepu."

Bi Stoo alivuta stuli kwa mguu. "Kaa."

Akachukua maji na sabuni, akatoa tepu taratibu, akaosha kidonda mpaka usaha wote ukatoka. Bendeji hakuitoa rafuni, maana ya rafuni ni ya wagonjwa walioandikishwa. Aliitoa kwenye mkoba wake mwenyewe, alimoiweka siku zote. Fundi aliuma meno akatazama ukuta.

"Mama yangu alikuwa na kidonda mguuni," alisema. "Kidogo, kama shilingi. Mimi nilisema ngoja nipate kazi kubwa, nimpeleke hospitali kubwa. Kazi kubwa ikaja. Tukampeleka. Mguu wakaukata."

Bi Stoo hakuacha kufunga. "Yuko wapi sasa?"

"Yupo. Anatembelea magongo, ananigombeza kila asubuhi." Akacheka kidogo, kisha kicheko kikamwisha. "Siku ile mezani niliona unanibania dawa. Nikajisikia vibaya kuliko mchezo unavyostahili."

"Sikukubania. Nilitaka kwanza uache kupigwa." Akabandika plasta. "Keshokutwa njoo nikuoshe tena. Na sasa hivi upite kwa daktari akuandikie dawa, uchafu umeingia ndani. Usinipuuze."

Fundi akakunja kidole, akakikunjua. Akaanza kurudisha vifaa begini. Mlangoni akageuka.

"Ile fimbo imebaki na mara ngapi?"

"Thelathini na nne."

"Hamjaitumia?"

"Tumtibu nani? Wewe bado umelala nje ya mlango."

Jumamosi hiyo alikuja mapema kuliko wote. Pamba akatumia fimbo mara nane, jitu likasimama. Halafu, kabla ya kufungua komeo, walikaa nusu saa nzima wakipanga. Mwalimu akamwaga mafuta ya taa kizingitini, Pamba akatega kamba, na jitu likasimama pembeni ya mlango badala ya katikati. Mnyama alipotoka aliteleza, akajikwaa, shoka likamwangukia. Fundi alipigwa mara moja tu, na hakuomba dawa mpaka vita vilipokwisha. Alipoomba, alisema tafadhali.

Tangu hapo mgao ulianza na tiba, na mara nyingi fundi ndiye aliyekumbusha. Aliyeumia sasa alikuwa Wino. Kila pambano alilolitunga usiku kucha, wenzake waliingia wamejaa uhai na kutoka wakitaniana. Basi walipofika mji mwingine kununua fimbo ya pili, maana ya kwanza ilikuwa imekwisha, akawatangazia kwa sauti ya mwenye duka kwamba bei imepanda, sasa ni elfu moja na mia tano.

"Kwa nini?" mwalimu aliuliza.

"Miti imeadimika."

Fundi akaanza kufoka. Bi Stoo akamshika mkono, akafungua mkoba na kutoa karatasi nyeupe.

"Mwenye duka," alisema, "kwa utaratibu wetu hatununui kitu cha bei hiyo bila kulinganisha maduka matatu. Nakuandikia barua moja, nyingine mbili napeleka kwa wenzako. Mna siku saba za kujibu. Mhuri mnao?"

Wino alimtazama, akaitazama karatasi, akawatazama wale wawili waliokuwa wamejiziba midomo. Angelazimika kubuni maduka mengine mawili, wenye maduka wawili na bei zao, kisha kuzitetea mbele ya mwanamke huyu.

"Mia nane," alisema. "Lakini mzigo utafika baada ya wiki mbili."

"Tunakubali. Andika tarehe."

Akaandika tarehe, alama ya kidole chake cheusi ikabaki pembeni. Na kwa wiki hizo mbili watu watatu wa kwenye karatasi walisafiri kwa uangalifu mkubwa, wakipita mbali na kila pango walilolikuta njiani.