Siku Tisa Kuelekea Mnara wa Taa

Mama Vifungo, fundi cherehani, alizaliwa mahali pasipo na barabara. Baba yake alikuwa mlinzi wa mnara wa taa kwenye rasi ya mbali, na huko yeye na mdogo wake walijua kupiga kafi kabla hawajajua kusoma. Alipotimiza miaka kumi na miwili, taa ikafungiwa mtambo wa kujiwasha. Familia ikahamishiwa mjini, kwenye vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni. Baba hakuitaja tena bahari hadi anaingia kaburini.

Mama Vifungo akashona sare za shule, akalea, akaozesha, akafiwa na mume. Miguu ikiwa kwenye pedali ya cherehani, akili ilikuwa imeshafika rasini zamani.

Mwaka aliotimiza hamsini na sita alinunua kayaki, kimtumbwi kuukuu cha plastiki, kutoka hoteli iliyofungwa. Mdogo wake alipoikuta imelazwa sebuleni, kati ya kochi na meza ya kukatia vitambaa, alishika kiuno.

"Dada, hiki nini?"

"Usafiri."

"Wa kwenda wapi?"

"Nyumbani."

"Ukizama, mimi siji kukutafuta. Sikutanii."

"Basi sizami."

Alikwenda peke yake siku tisa. Pwani ile haikuwa na kijiji wala gati, ni majabali tu na msitu ulioshuka mpaka majini. Siku ya nne upepo ulimfungia kwenye kighuba, akashinda chini ya turubai akila viazi baridi na kujisemesha. Siku ya sita wimbi likampindua. Alipoibuka, kafi lilikuwa linaelea mbali. Alilifuata kwa kuogelea, huku anaburuta kayaki kwa kamba na kumwita baba yake kama mtoto mdogo. Alipolidaka alicheka peke yake mpaka mbavu zikamuuma.

Siku ya tisa akauona mnara. Ulikuwa mfupi kuliko alivyoukumbuka. Nyumba yao ilibaki kuta tupu, na jikoni walikuwa wamehamia mbuzi wa mwituni. Beberu mmoja akamkodolea macho.

"Hodi jamani," Mama Vifungo akasema. "Nimezaliwa chumba hicho cha pili."

Akawapita, akasimama pale mama yake alipokuwa akioshea vyombo. Dirisha lilikuwepo bado. Akachungulia akitegemea kuona maji. Hakuona maji. Mbele yake, umbali wa mkono tu, palikuwa na jabali jeusi, basi. Bahari ilikuwa upande wa baba, kwenye mnara. Miaka yote ile mama aliosha vyombo akitazama jiwe, na yeye hakuwahi kujiuliza.

Mafundi waliokuja kukagua taa ndio waliomrudisha kwa boti yao. Mdogo wake alimpokea kwa ukali na maji ya moto ya kuoga. Alipokwisha kuoga, akamsimulia habari ya dirisha.

Mdogo mtu akakikunja kitambaa cha sare mapajani.

"Siku tuliyohama, mama alikuwa anaimba kwenye boti," akasema. "Aliimba njia nzima. Wewe ulikuwa unalia sana, hukumsikia."

"Aliimba nini?"

"Njoo ukae, nikuimbie."