Bati Jipya la Baba Mkwe

Farisai hakuogopa vitu vingi duniani, lakini kuuliza aliogopa kuliko nyoka. Huko Gweru, mji wa Zimbabwe alikoishi kwa kuchora majina ya maduka ukutani, aliwahi kuzunguka mtaa mmoja saa mbili nzima akitafuta nyumba ya kinyozi ambayo hata mbwa waliijua, alimradi asimwambie mtu kwamba amepotea. Nyuma yake alifuata Rudairo, mkewe, mimba ya miezi saba, miguu imevimba kama mihogo. Rudairo alipomwomba amuulize mama muuza nyanya, alijibiwa, "Unataka nionekane mshamba?" Wahenga walisema kuuliza si ujinga, lakini wahenga hawakuwa na shingo ngumu kama ya Farisai.

Mimba ilipokomaa, Rudairo alipelekwa kwao kijijini, Mberengwa, akajifungue kwa mama yake, kama inavyotakiwa kwa mtoto wa kwanza. Akazaliwa mtoto wa kiume. Alipotimiza miezi mitatu, Farisai akaja kuwachukua wote wawili. Mbuzi wa desturi alikwisha kuwatoa, kwa hiyo hakuona kizuizi. Alichuchumaa uani, akapiga makofi ya heshima, akasubiri aambiwe achukue watu wake aende.

Mzee Chivasa, baba mkwe wake, hakuwa na haraka. Alikuwa mstaafu wa mgodini, mtu mkavu, mwenye adabu ile ya kumtia mtu baridi.

"Mkwe, nasikia wewe ni fundi wa rangi."

"Hakuna rangi isiyonijua, baba."

"Vizuri sana. Lile banda la plau nimeliezeka juzi. Bati ni jipya kabisa. Lipake kijani. Mvua ya kwanza ikilipiga na rangi ikabaki palepale, chukua mke, chukua mtoto. Isipobaki, watakaa hapa kwanza. Una swali?"

Rudairo, mtoto akinyonya, alimtazama mumewe machoni.

"Swali la nini, baba? Si bati tu?"

Kesho yake akapanda. Jua la Oktoba lilikuwa limelichemsha bati mpaka likamchoma magoti kupitia suruali. Alipiga brashi ya kwanza, rangi ikateleza na kujikusanya matonematone, kama maji juu ya ngozi iliyopakwa mafuta. Aliona. Macho alikuwa nayo, yule bwana. Mtu mwingine angeshuka akauliza, lakini yeye alitikisa kopo, akapaka tena palepale, kwa nguvu zaidi.

Chini alisimama Netsai, mdogo wa Rudairo, aliyepewa na desturi ruhusa ya kumtania shemeji yake, naye alikuwa haachi hata chembe ya ruhusa hiyo.

"Shemeji! Nyinyi si ukoo wa Simba? Tangu lini simba akapanda bati kama paka?"

"Lete maji, acha mdomo."

"Nikuletee maji au nikuletee fundi?"

Siku mbili akamaliza, na kwa kweli banda lilipendeza. Mzee Chivasa alimwekea firigisi ya kuku, kipande cha mwenye nyumba, na Farisai akaitafuna kichwa kimemvimba. Kisha wakaanza kungoja mvua. Siku tisa walingoja. Siku hizo alijifunza kumlaza mwanawe kifuani, na mtoto naye akajifunza kumkamata kidole asikiachie. Nguo ndogo za mtoto alizikunja mwenyewe, akazipanga mkobani, akauweka mlangoni tayari kwa safari. Kila jioni alikaa na Rudairo jikoni, akamweleza jinsi watu wa Gweru watakavyokuja kumwona mtoto.

Siku ya kumi, mchana, mvua ikashuka. Haikupita hata saa nzima. Rangi ilifura malengelenge, yakapasuka, kisha ikateremka vipande vipande mpaka kwenye pipa la maji la mama mkwe. Kuku wakakimbizana na maganda ya kijani mdomoni. Bati likabaki uchi, linang'aa kama siku liliponunuliwa. Majirani walikuja kwa miguu yao wenyewe, bila kuitwa. Netsai aliokota ganda refu, akajifunga kiunoni, akacheza.

"Nimeletewa nguo mpya na shemeji! Jamani, shemeji ana mkono wa kutoa!"

Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Mzee Chivasa peke yake hakucheka.

"Kule mgodini nimepaka mabati miaka ishirini na minane," alisema. "Bati jipya lina mafuta, halishiki rangi. Unaliosha kwa siki mpaka lipoteze mng'ao, au unaliacha jua na mvua vilizeeshe. Watoto wa hapa wote wanajua."

"Baba! Ulijua, ukaniacha nipake?"

"Nilikuuliza kama una swali."

"Basi nitaliosha leo hii. Nitalipaka upya."

"Tulisema mvua ya kwanza, mkwe. Hiyo imekwisha kunyesha."

Farisai aliingia jikoni, maji yakimchuruzika. Rudairo alikuwa akigeuza ugali wa sadza, mtoto mgongoni.

"Na wewe ulijua?"

"Nilijua."

"Baba yako alikukataza kuniambia?"

"Hakunikataza."

"Sasa mbona ulinyamaza, mke wangu? Siku zote hizo?"

Rudairo aliweka mwiko chini. Alikuwa analia, lakini sauti ilikuwa imetulia. "Kila siku nilisema leo ataniuliza. Uliona rangi inateleza, Farisai. Mimi niko hapa, nimekulia chini ya mabati hayo. Ungeniuliza neno moja tu, siki ningeitafuta mwenyewe. Ulinisimulia habari za Gweru. Hata kuniuliza kama nataka kurudi huko, hujawahi."

Nje walikuwa bado wanacheka. Sauti ya Farisai ilitoka ndogo, ya mtu asiyeizoea kazi anayoifanya.

"Basi nakuuliza sasa. Unataka kurudi nami?"

Mtoto alipiga chafya. Rudairo alimshusha mgongoni, akampangusa pua kwa ncha ya khanga.

"Hapana," alisema. "Toa nguo za mtoto mkobani kabla hujaondoka."