Mutumbula Niliyemtunga

Nilijua mambo yameharibika siku binti mdogo wa jirani alipokataa karanga zangu. Alikuwa na kawaida ya kuja kwetu kila alasiri, ananyoosha kiganja, namjazia, anakwenda zake. Siku hiyo nilimwita mwenyewe. Alificha mikono nyuma, akaniangalia viatu, akakimbia. Mama yake alikuwa amesimama mlangoni na aliona yote. Hakumgombeza. Alimwingiza ndani, akafunga mlango ilhali jua lilikuwa bado kali.

Ilikuwa miaka ile Wabelgiji walipokuwa wakijenga base, kituo cha ndege za jeshi, nje ya Kamina. Mimi nilikuwa karani wa bohari ya reli, nikiishi na mke wangu kwenye kambi ya wafanyakazi, na nilikuwa nimeshikwa na ugonjwa wa kutunga hadithi. Jumapili, baada ya misa na chakula, majirani walibeba viti vyao wakaja uani kwetu, nami nikawasomea nilichoandika. Wengi walikuwa Baluba wa hukuhuku, wengine walitoka Kasai, na kila mmoja alikuwa na Kiswahili chake, lakini tulielewana.

Hadithi niliyokuwa nikiwasomea ilimhusu mutumbula. Aliyekulia Katanga hahitaji kuelezwa. Kwa msomaji wa mbali niseme kwamba batumbula walikuwa watu wa kuogopwa kuliko simba. Ilisemekana wanavizia njiani giza likianza kuingia, wanamkamata mtu, wanamzubaisha asiweze hata kupiga kelele, kisha wanampeleka kwa Wazungu akaliwe. Malori ya base yaliyopita yamefunikwa turubai yalizidisha hofu hiyo. Mimi niliamini kama wote. Sikujifanya msomi. Nikitoka kazini nilitembea katikati ya barabara, mbali na vichaka, na lori likipita nilisimama karibu na watu wengine mpaka lipotelee mbali. Mimi ni mwoga wa kuzaliwa, na nadhani nilianza kuandika juu ya mutumbula ili nijue yuko wapi.

Mutumbula wangu wa kwanza alikuwa na macho mekundu na kucha ndefu. Watu walicheka mpaka wakafuta machozi. Nilinuna alasiri nzima. Jioni mke wangu, akisonga bukari, ugali wetu, alisema bila kugeuka:

“Muntu sawa ule haiko. Nani atamufungulia mulango?”

Swali hilo ndilo shule yote niliyopata ya kutunga watu. Nilijiuliza ni nani mimi mwenyewe ningemfungulia mlango jioni, mwoga kama nilivyo. Ningemfungulia mtu anayeuliza hali ya mgonjwa kabla hajakaribishwa. Ningemfungulia mtu anayeogopa mbwa. Basi nikampa mutumbula wangu hayo. Nikampa na kazi ya mchana kama watu wengine, na tabia ya kumenya karanga mpaka ngozi yake nyembamba, na ya kupapasa kiti kwa mkono kabla ya kukikalia. Kucha nikazikata.

Jumapili iliyofuata hakucheka mtu. Mama mmoja aliondoka kabla sijamaliza, akawakusanya watoto wake wote. Nilifurahi, Mungu anisamehe, nilifurahi sana. Nilidhani nimeanza kuwa mwandishi.

Kisha ikaja siku ya karanga. Baada yake watu walinyamaza kila nilipofika bombani. Bohari nzima ilijua sababu kabla yangu. Mwishowe mpakizi mmoja, mtu mwema, aliniambia tukiwa peke yetu nyuma ya magunia:

“Bantu banasema vile: huyu anajua namna gani mutumbula anakulaka, anaogopaka nini, anaikalaka namna gani? Muntu hawezi kujua vile kama hatumikake nabo.”

Nilikwisha kumwona mtu akipigwa sokoni kwa sababu tu alibeba mfuko mkubwa na hakuna aliyemjua. Polisi walipofika hakuwa na jino la mbele hata moja. Na huyo hakuwa ameandika chochote.

Nilikwenda moja kwa moja kwa kapita wa kambi, msimamizi mzee aliyesikilizwa na wote, nikamwambia naacha kuandika leo hii. Alitikisa kichwa.

“Ukiacha, batasema babwana yako bamekukataza. Endelea. Na usiruke Jumapili.”

Hivyo ndivyo nilivyopata mazoea ya kuandika kila siku. Watu huniuliza siri yake na wanategemea niseme jambo la maana. Kabla ya hapo nilikuwa naandika nikijisikia, na nilikuwa sijisikii mara nyingi. Sasa niliamka kabla ya king’ora cha karakana, nikawasha koroboi, nikaketi kwenye meza iliyoutazama ukuta. Wakati wa baridi ya kiangazi vidole viligoma, na hofu ikavilazimisha. Asubuhi nyingine niliambulia mstari mmoja, nyingine ukurasa. Niliandika huku nikisikiliza hatua za watu nje.

Nilijaribu kumwokoa mwandishi kwa kumharibu mutumbula. Nilimrudishia macho mekundu. Nilimfanya mjinga, nikamwangusha mtoni. Wasikilizaji walinikazia macho.

“Ule haiko yeye,” walisema. “Yeye hawezi kwanguka vile. Unatuficha.”

Hapo niliogopa kwa namna mpya. Mtu niliyemtunga kwa mkono wangu walikuwa wanamjua kuliko mimi, na hakukubali tena kugeuzwa. Nikamrudisha alivyokuwa. Walitulia, wakaniogopa zaidi.

Habari zilifika Malemba-Nkulu, kwa wakwe zangu. Baba mkwe alipanda mtumbwi, akapanda treni, akatokea kwetu Jumapili mchana na vumbi la safari mabegani. Uani watu walikuwa wamejaa kuliko siku yoyote, na hawakuja kusikiliza hadithi. Kapita alimletea kiti. Mzee aliketi, akasema kwa sauti ya kila mtu kusikia:

“Nimekuya kutwaa mutoto wangu. Damu yangu haitalala mu nyumba ya batumbula.”

Mke wangu aliingia ndani, akatoka na nguo zake zimefungwa kwenye kitambaa, maana binti haambiwi mara mbili. Nilimwona anashika fundo. Nilielewa kwamba akitoka nje ya uzio ule na baba yake, hukumu yangu imekwisha. Kama mzazi wa mke wangu ameamini, nani atabaki kunitetea? Wangenipiga mawe kabla treni yao haijafika Bukama. Lakini hofu ya mawe ilikuwa ndogo. Kubwa ilikuwa kwamba angeenda akiamini.

Na sikuweza kujibu. Kwetu muko, yaani mkwe, habishani na baba wa mke wake, hamtazami usoni, na akisemwa huinamisha kichwa. Niliinamisha kichwa. Nilikuwa na maneno tele na ruhusa ya kusema hata moja sikuwa nayo. Jasho lilinidondoka kwenye viatu.

Ndipo nikasikia sauti ya mke wangu.

“Tata, unipe ruhusa niseme. Ule mutumbula minyi ninamujua. Kuogopa imbwa, iko yangu. Weye mwenyewe ulinitoshaka mu meno ya imbwa nikiwa kadogo. Kumenya karanga mpaka mu ngozi, iko ya bwana yangu, ananichokeshaka nayo. Kuuliza hali ya mugonjwa, iko ya kapita pale.” Alimgeukia baba yake. “Na kupapasa kiti mbele ya kuikala, tata, iko yako. Umefanya sasa hivi. Bote banaona.”

Kweli wote walikuwa wameona. Mzee aliutazama mkono wake wa kulia, akauweka juu ya goti kama mkono wa mtu mwingine. Nilifumba macho, nikingoja.

“Kumbe,” alisema baba mkwe, “ile siku ya ndoa macho yake ilikuwa mu udongo, nikasema, muko huyu iko na heshima. Kumbe alikuwa ananiangalia!”

Kapita ndiye aliyecheka kwanza. Kisha wakacheka wote, hata mama wa yule binti wa karanga, na watu wakaanza kupapasa viti vyao na kusukumana. Mmoja alitaka kujua ni kitu gani nimemwibia yeye, akaudhika niliposema bado. Mzee alikula bukari yetu, akalala kwa kapita, akaondoka bila binti yake. Mimi nilicheka pamoja nao, ila fundo la nguo lilikuwa bado halijafunguliwa.

Jua lilipokuwa linashuka, mke wangu aliingia chumbani kufungua fundo la nguo zake. Nilimfuata kumshukuru. Alikuwa ametoa kitenge kimoja, amekishika bila kukikunjua.

“Kuko kintu moja sikusema mbele yabo,” alisema. “Mu hadithi, mutumbula yako akisha kukamata mutoto, mbele ya kumubeba, anamufunga kifungo ya shati, juu baridi isimuingie. Hiyo nimeitafuta kwetu, kwa majirani, kwa bantu bote. Sikuiona. Uliitwaa wapi?”

Nilifikiria. Niliwapitia watu wote niliowahi kuwaangalia, walio hai na waliokufa. Hakuwepo hata mmoja. Ningeweza kumtajia yeyote, na nilitaka sana kudanganya, lakini alikuwa ananitazama.

“Sijui,” nilisema. “Mukono iliandika, nikaiona mu karatasi.”

Alikikunjua kitenge, akakikunja upya, akakirudisha sandukuni.

“Kesho geuza meza,” alisema. “Minyi nataka kuona sura yako ukiandika.”

Niliigeuza, ikatazama kitanda. Alfajiri aliketi kitandani amejifunika blanketi, macho kwangu, mpaka king’ora kilipolia. Aliketi hivyo asubuhi iliyofuata, na miaka yote tuliyoishi Kamina. Hakuniambia kamwe alichokuwa akikiona, na mimi sikuthubutu kumuuliza.