Siku ya Kupimwa Chumba cha Ayi

Miaka ile ya mwisho ya tisini, marobota yangu ya jinzi kutoka Xintang yalikuwa yakisubiri kontena chumbani kwa mama mmoja, mstaafu wa kiwanda cha nguo, nyuma ya barabara ya Huanshi Zhonglu. Sote tulimwita Ayi, yaani shangazi kwa Kichina. Humo walilala watu watano: yeye, mumewe, mtoto wao, mkwe na mjukuu.

Mtaa wa pili lilikuwa likipanda jengo ambalo, kila nikirudi kutoka bandarini Huangpu, nalikuta limeota ghorofa nyingine. Nilikuwa nasimama njiani kulitazama mpaka wenye baiskeli wananipigia kengele. Mjenzi alipewa kiwanja kwa sharti kwamba baadhi ya fleti zitengwe kwa wenyeji waliobanana, kwa bei wanayoimudu. Ili kupata fleti, ilibidi eneo la chumba chako, likigawanywa kwa idadi ya wanaolala humo, lisifike kipimo kilichowekwa kwa kila mtu. Kwa Ayi wapimaji wangekuja Alhamisi.

Mimi, mwenye shahada na malezi ya Tanga, nilijua mgeni anavyopokelewa. Asubuhi hiyo Ayi alipokwenda sokoni, nikayatoa marobota nikayaweka uani, nikakunja vitanda, nikadeki. Chumba kikapumua. Ayi akarudi, akasimama mlangoni na mboga zake.

"Bosi, umenifanya tajiri," akasema. "Nani atamwonea huruma mwenye ukumbi?"

"Si ulisema wageni wanakuja, Ayi?"

"Kwenu mgeni huja kula. Hawa wanakuja na tepu."

Kabla hatujarudisha hata robota moja, mpimaji akaingia, mwanamke mwembamba mwenye miwani. Akanishikisha ncha ya tepu ukutani kana kwamba nilikuwa msumari. Akaandika, akakagua kitabu cha familia chenye majina ya wakazi wote, akagawanya. Ayi akaanza kueleza kwamba siku zote pamejaa.

"Mama, mizigo haipunguzi chumba, wala ufagio haukiongezi," mpimaji akamkatiza. "Hamfiki hata nusu ya kipimo."

Miaka mitatu chuoni nilijibu mitihani kuhusu haki, na nikafaulu. Sikuwahi kudhani inaweza kuingia chumbani, ikafanya hesabu, ikaenda zake bila hata kunywa chai.

Majina yalipobandikwa, la Ayi lilikuwamo. Siku ya funguo nilifuatana nao hadi ghorofa ya sita, kwa lifti ile ile ya waliolipa bei kamili. Mumewe alikwenda moja kwa moja chumba cha pili, akafunga mlango, akakaa humo peke yake. Hakuna aliyemgongea.