Mtoto Niliyeachiwa Nakuru

Msomaji wetu huyu yuko Nakuru. Ameomba tusimtaje, nasi tumelificha jina lake.

Wasomaji wenzangu, mimi ni msichana wa miaka ishirini na minne, mzaliwa wa Tanga. Nilikuja Kenya kujitolea katika dispensari ya kanisa hapa Nakuru, kwa chakula na chumba tu. Nyumbani nimeacha wazazi, na mchumba aliyekubali kunisubiri.

Sikuijua baridi ya huku. Miezi ya kwanza nililia kila nilipotoka kazini, nikiwaza joto la kwetu na samaki wa mama. Aliyenituliza ni jirani yangu, mjane wa Kikuyu aliyetoka mashambani Njoro. Kila jioni alinibandikia debe la maji pamoja na lake. Nikifika tu, ananiambia, "Maji yako iko tayari, dada. Oga kabla ipoe." Halafu tunakaa jikoni kwake tunakunywa chai, na binti yake mdogo, Wambui, ambaye hata kuongea alikuwa bado anajifunza, analala mapajani mwangu. Mambo madogo hayo, lakini ndiyo yaliyonifanya nisirudi kwetu.

Mwaka jana, wakati wa misako ya Hali ya Hatari, askari waliuzunguka mtaa wetu asubuhi tukiwa tunafagia. Wakikuyu wote waliamriwa kupanda lori. Jirani yangu alinijia haraka, akanipa Wambui, akasogea kando. Askari akamuuliza, "Huyu mtoto ni wako?"

"Hapana. Ni wa huyu dada wa dispensari."

Askari akanigeukia. Nikasema ndiyo, ni wangu. Mtoto alikuwa akimnyooshea mama yake mikono, akimwita kwa lugha yao, "Maitu, maitu." Mama yake akapanda lori bila kugeuka. Lilipoondoka nilimwona amejifunika uso kwa leso.

Nimeuliza kanisani, nimeuliza kwa DC, nimewauliza wanaorudi kati ya waliochukuliwa siku ile. Mama mmoja tu ndiye aliyeniambia kwamba walitenganishwa njiani, jirani yangu akapelekwa kambini. Kambi gani, hajui.

Sasa muda wangu wa kujitolea umekwisha. Mchumba wangu ameandika kwamba hatangoja tena, na mtoto wa watu hamtaki. Padri naye ananiambia, "Mwache kwenye nyumba ya mayatima, binti yangu. Umefanya ya kutosha." Lakini Wambui si yatima. Nikienda naye Tanga, mama yake akitoka atamtafuta wapi? Nikibaki hapa, ndoa imenipita, na wazazi wangu wanazeeka bila mtu.

Linaloniumiza zaidi ni la juzi. Nilimwuliza, "Maitu yuko wapi?" Huwa namwuliza mara kwa mara ili asisahau, naye hunionyesha barabarani. Safari hii alicheka, akanishika shavu. Nilimwacha na doli lake nikaenda kulia nyuma ya nyumba.

Nyinyi wenye watoto, nishaurini. Nifanye nini, na huyu mama nimtunzie vipi mtoto wake?