Sauti Mbili, Mlango Mmoja

Walimwita Nyaya kwa sababu maisha aliyaanza kwa kuuza nyaya za chaja juu ya meza ya mbao, na karibu kila alicho nacho leo alikipata kwa kubadilishana. Kompyuta aliibadilisha na friji aliyoifufua mwenyewe. Spika, kwa feni mbili na maneno mengi. Studio yake ni chumba kimoja juu ya karakana ya kuchomelea, magodoro ukutani, pazia zito dirishani. Ukiingia mchana ukitoka juani, unahisi umezama majini.

Mchana huo dada na mdogo wake wa kike walikaa kochi moja, mkoba katikati kama ukuta. Walikuwa wameimba pamoja miaka tisa. Walikuja kusikiliza wimbo mpya, na kila mmoja alikwisha kuapa: asiposikika yeye mbele, kuanzia kesho anaimba peke yake.

Nyaya si mtu wa machozi. Ila hizo ndizo sauti pekee zilizowahi kumsahaulisha sufuria jikoni mpaka ikaungua.

"Mimi ndiye niliyemfundisha huyu kufungua mdomo," alisema mkubwa.

"Ungenifundisha na kuufunga, dada, tungepumzika wote."

Nyaya akawageuzia skrini. Kila sauti ilikuwa na kompresa yake, yaani kidude cha kubana sauti, na kila kompresa ina sikio la pembeni ambalo mafundi huliita saidicheni. Unaliambia limsikilize mwingine: yule akipanda, huyu anainama. Nyaya akalielekeza sikio la mdogo kwa mkubwa, akapiga wimbo. Mkubwa akatabasamu. Mdogo akachukua mkoba.

"Kaa, mdogo wangu. Hiyo ilikuwa bei ya kuanzia tu."

Akageuza mambo: sasa kompresa ya mkubwa imsikilize mdogo. Lakini kwa ile haraka ya kumzuia mtu asitoke, alisahau kulizima sikio la kwanza.

Wimbo ukaanza kupumua. Mkubwa akipanda, mdogo anainama. Mdogo akiinuka, mkubwa anarudi nyuma, kama watu wawili waliokutana kwenye mlango mwembamba: pita wewe, hapana, pita wewe. Chumba kizima kikawa kinayumba polepole. Hata msumeno wa kukatia chuma kule chini ulisikika kwa mbali, kama uko ndotoni mwa mtu mwingine.

Nyaya aliliona kosa: taa mbili za kijani kwenye skrini, za kompresa zote mbili, zikikonyezana kwa zamu. Mkono ukaenda kwenye kipanya. Kisha akatazama kochi. Midomo ya mkubwa ilikuwa inachezacheza, ikifuata maneno ya mdogo. Nyaya akaurudisha mkono, akautia mfukoni.

"Hapo nani yuko mbele?" mdogo akauliza kwa sauti ya chini.

"Wewe unasikiaje?"

"Nasikia dada ananipisha."

"Mimi?" Mkubwa akageuka. "Si wewe unayenipisha? Tangu lini una adabu?"

Mdogo akacheka, na mkoba ukateleza hadi sakafuni. Hakuna aliyeuokota.

Nyaya akahifadhi kazi kwanza, ndipo akasema: "Hapo nimekosea, jamani. Niwarekebishie?"

"Thubutu!" wakasema wote kwa pamoja, kisha kila mmoja akamngoja mwenzake aendelee.