Mkono wa Tatu kwenye Mashine ya Pasi

Pale kwenye kiwanda kikubwa cha udobi, panapoingia mashuka machafu ya hospitali na kutoka yamenyooka, walimwita Chuma. Shuka likitoka kwenye joto, wenzake walikuwa wakiruka na kupuliza vidole. Yeye alilikunja taratibu kama leso. "Huyu hakuzaliwa," walimtania, "huyu kafuliwa kwa nyundo."

Siku ya shauri hakuna aliyetania. Chuma alikaa kwenye benchi la baraza la kazi, mkono wa kushoto kauficha chini ya mtandio. Vidole viwili vilikuwa vimegandana, ngozi inang'aa, inavuta. Daktari alisema vinaweza kutenganishwa kwa upasuaji. Bila fidia, upasuaji huo angeuona ndotoni tu.

Mashine ya pasi ina vitufe viwili, kimoja kila upande. Kifuniko hakishuki mpaka uvibonye vyote kwa pamoja, ili mikono yote iwe nje. Lakini ukifuata hivyo shuka linajikunja, unaanza upya, na msimamizi yuko mgongoni anaalisha vidole kukuharakisha. Ndiyo maana kila mwanamke alikuwa na kijiti cha mpini wa fagio, amekichonga kikachongeka. Anakipachika kwenye kitufe cha kushoto, kitufe kinabaki kimebonyea, mkono unabaki huru kunyoosha shuka. Kijiti hicho walikiita mkono wa tatu.

Siku ile Chuma alinyoosha kona, na mkono wa kulia ukabonya kabla wa kushoto haujatoka, kifuniko kikaushukia. Wenzake walisikia harufu kabla ya ukelele. Msimamizi alimpaka dawa ya meno badala ya kumkimbiza bombani, na hospitali walipoiona dawa ile iliyokauka juu ya malengelenge walitikisa vichwa.

"Wakikuuliza nani alikipachika kijiti," wakili wake alimnong'oneza pale kwenye benchi, "sema hukumbuki."

Chuma alikuwa akimtazama wifi yake, dada wa mumewe, aliyeketi upande wa pili bega kwa bega na msimamizi. Nyumba moja, jiko moja, mashine za jirani kazini. Lakini tangu kampuni imwite awe shahidi wao, maneno yaliyobaki kati yao ni "nipishe" na "funga mlango".

Wakili wa kampuni akasimama. "Mama, kile kijiti nani alikipachika?"

Wakili wake akakohoa. Chuma akamsikia, akampuuza.

"Mimi."

"Kwa hiari yako?"

"Kwa mkono wangu."

"Sina swali lingine," yule bwana akasema, akaketi kama aliyeshiba. Wakili wa Chuma akafunga macho.

Wifi akaitwa. Alitembea kama anayekanyaga miiba.

"Mlikatazwa kutumia vijiti?"

"Tulikatazwa."

Msimamizi akaegemea kiti. Basi yamekwisha, Chuma alijiambia.

Mwenyekiti wa baraza, mama mwenye miwani, akainua kalamu. "Mlikatazwa lini?"

Wifi akamwangalia msimamizi, kisha mtandio uliofunika mkono wa Chuma.

"Wakaguzi wakija."

"Sema tusikie."

"Wakaguzi wakija, anapita na ndoo. Anasema, mikono ya tatu humu. Tunatumbukiza. Wakaguzi wakiondoka anarudi na ndoo ileile, kila mtu anaokota chake."

"Mwongo huyu!" Msimamizi alikuwa tayari wima.

"Bosi, mimi mwongo? Changu kilipovunjika nani alinichongea kingine? Ukasema nimechelewa, nishike hiki haraka."

Kuna aliyecheka, akajikatiza. Mwenyekiti akamwambia msimamizi aketi, akamwambia tena.

Walitoka baraza lishauriane, wakaitwa tena ndani. Mwenyekiti hakuzungusha. Mfanyakazi amepachika, ndiyo, na amekiri. Lakini anayekusanya vijiti mkaguzi akija na kuvirudisha akiondoka, huyo ndiye aliyeondoa kinga. Kampuni itagharamia matibabu na italipa fidia ya mkono. Kiasi kitapangwa daktari akishaupima.

Kwenye ngazi za nje wifi alikuwa amesimama peke yake, mkoba kaukumbatia. Msimamizi alikuwa amempitia bila kusimama, akamwambia kesho asijisumbue kuja kazini, na Chuma alisikia.

"Usinishukuru," wifi alisema kabla ya salamu.

"Nani kakushukuru? Wiki nzima unanipisha mlangoni kama mwizi."

Wifi akacheka, na kicheko kikageuka njiani kuwa kilio. "Watoto wangu, wifi. Nilikuwa nawafikiria hao tu."

"Najua. Ningekuwa wewe, sijui ningesema nini." Chuma akamshika kiwiko kwa mkono mzima. "Twende haraka. Kaka yako ayasikie ya kazi yako kwetu kabla msimamizi hajampigia simu."